Nani Kashinda: Watangazaji wa Ulingoni Tangu Enzi za Joe Humphreys

Tarehe 2 Julai 1921, promota Tex Rickard aliwajaza watu wapatao 80,000 katika uwanja wa mbao uliojengwa haraka haraka Jersey City, ng'ambo ya mto kutoka New York. Uwanja huo wa pembe nane uliitwa Boyle's Thirty Acres. Walikuja kumwona Jack Dempsey, bingwa wa dunia wa uzito wa juu, akizichapa na Mfaransa Georges Carpentier, na kwa mara ya kwanza katika historia ya masumbwi mapato ya mlangoni yakavuka dola milioni moja. Redio, iliyokuwa bado changa, iliwasimulia pambano hilo watu waliobaki mbali. Ajabu ni kwamba waliokuwa ndani ya uwanja hawakuwa na chombo chochote cha kuwasemesha. Hapakuwa na kipaza sauti. Aliyepanda ulingoni kuwaambia nani ni nani alikuwa Joe Humphreys, mtu wa miaka 48, na alichokuja nacho ni koo lake.

Siku hizi mtangazaji wa ulingoni tunamjua kwa suti yake, tai ya kipepeo na kipaza sauti kinachong'aa, akilivuta jina la bondia mpaka pumzi ikate. Ni rahisi kumwona kama pambo la usiku wa ngumi, sawa na taa za rangi na wasichana wenye vibao vya raundi. Lakini kazi hii haikuanza kama pambo. Dempsey kila mtu alimjua kwa sura. Shida ilikuwa kwenye mapambano ya utangulizi, pale wanapopanda vijana wawili wasio na jina. Aliyeketi safu za nyuma aliona vichwa viwili na kaptula mbili tu. Bila mtu wa kumwambia nani ni nani, yupi anatoka wapi na ana uzito gani, hakujua hata amshangilie nani, na mwenye pesa yake mfukoni hakujua aiweke upande gani.

Humphreys alizaliwa New York mwaka 1872, na aliingia kwenye masumbwi kwa zaidi ya mlango mmoja. Akishirikiana na Sam Harris, aliyekuja kuwa mtayarishaji mkubwa wa michezo ya kuigiza, alimsimamia Terry McGovern, bondia mfupi mwenye ngumi nzito aliyetwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa bantam mwaka 1899 na wa uzito wa unyoya mwaka uliofuata. Kwa hiyo aliposimama katikati ya ulingo wa Madison Square Garden hakuwa mpiga kelele aliyeokotwa mtaani. Alizijua hesabu za mchezo, aliwajua mameneja, na alijua watu wamekuja kusikia nini.

Namna yake ya kufanya kazi ilizoeleka mpaka ikawa sehemu ya onyesho. Aliinua mikono kuomba kimya, akasubiri. Ukumbi uliojaa watu na moshi wa sigara haunyamazi kwa kuamriwa. Unanyamaza sehemu kwa sehemu, viti vya mbele kwanza, kisha wimbi linapanda taratibu hadi kwenye viti vya bei rahisi juu karibu na paa. Kimya kikishafika huko ndipo mtu anaweza kufungua kinywa. Sauti isiyo na mashine ina masharti yake: maneno yawe machache, irabu zivutwe, jina la mtu libaki mwisho wa sentensi ili lisifunikwe na makofi. Kule kuvuta majina tunakokusikia leo, tunakodhani ni madoido ya televisheni, kulianza kwa sababu konsonanti hazifiki mbali.

Kwa miaka mingi, hata hivyo, mtu huyu mwenye sauti kubwa kuliko wote alikatazwa na sheria kusema jambo moja ambalo kila mtu alitaka kulisikia. Sheria ya Frawley, iliyopitishwa na jimbo la New York mwaka 1911, iliruhusu mapambano ya raundi 10 lakini ikafuta ushindi wa pointi. Mabondia wote wawili wakimaliza wakiwa wamesimama, hakuna mshindi. Wabunge walikuwa na nia njema: waliona kwamba pakiwa na hukumu pana kamari, na pakiwa na kamari pana waamuzi wa kununuliwa. Kilichotokea ni kwamba watu waliondoka ukumbini usiku bila jibu, wakasubiri magazeti ya asubuhi. Waandishi wa habari za michezo ndio wakawa majaji, kila gazeti na mshindi wake, na wacheza kamari wakakubaliana mapema watafuata gazeti lipi. Mwenye kutaka kuhonga hakuacha kuhonga. Alibadilisha anwani tu. Ukisoma rekodi za mabondia wa miaka ile utakuta mamia ya mapambano yameandikwa kuwa hayana uamuzi, na wanahistoria wa mchezo huu bado wanapekua magazeti yale ya zamani kutafuta nani alishinda.

Sheria hiyo ilifutwa mwaka 1917. Mwaka 1920 ikaja Sheria ya Walker, iliyopewa jina la seneta wa jimbo James Walker, ambaye baadaye alikuwa meya wa jiji la New York. Iliruhusu raundi 15, ikaweka tume ya kusimamia masumbwi, ikarudisha majaji. Kwangu mimi hapa ndipo kazi ya mtangazaji wa ulingoni ilipopata uti wa mgongo. Kuanzia hapo alikuwa na karatasi mkononi yenye siri, na kwa dakika moja au mbili yeye ndiye aliyekuwa kati ya umati na siri hiyo. Hakuiandika yeye, haruhusiwi kuibadilisha, na akiisoma vibaya kila mtu ataliona kosa lake.

New Jersey, kwa bahati, ilikuwa bado na sheria ya kutotoa uamuzi siku ile ya Boyle's Thirty Acres. Kama Carpentier angevumilia hadi raundi ya 12, watu 80,000 wangerudi nyumbani bila mshindi kutajwa. Dempsey alimwangusha katika raundi ya nne, na Humphreys hakuhitaji karatasi.

Kipaza sauti kilikuja, na katika miaka ya 1930 watazamaji wa Garden walishazoea kukiona kikishuka kwa waya kutoka juu, kikisimama usawa wa kinywa cha mtangazaji, kisha kikipanda tena kabla ya kengele. Humphreys alifariki Julai 1936, wakati sauti kama yake ilikuwa haihitajiki tena. Ungedhani mashine ingewapunguzia watangazaji maneno. Iliwaongezea. Mtu asiyelazimika kupasua mapafu ana nafasi ya kutoa hotuba, na aliyeitumia nafasi hiyo kwa moyo wote alikuwa Harry Balogh.

Balogh alipenda maneno makubwa, hata yale yaliyomzidi kimo, na waandishi wa michezo walimtania kwa hilo miaka nenda rudi. Lakini ipo siku ambayo maneno yake yalikuwa na kazi nzito. Juni 25, 1935, Joe Louis, kijana mweusi wa miaka 21 kutoka Detroit, alipanda ulingoni Yankee Stadium kupambana na Primo Carnera, jitu la Kiitalia lililowahi kuwa bingwa wa dunia. Majeshi ya Mussolini yalikuwa yakijikusanya kuivamia Uhabeshi, uvamizi ulioanza Oktoba mwaka huohuo, na katika mitaa ya New York Waitalia na watu weusi walikuwa wakitazamana kwa macho makali. Polisi walimwagwa uwanjani kwa mamia. Watazamaji walikuwa zaidi ya 60,000. Kabla ya kuwatambulisha mabondia, Balogh aliushika umati kwa maneno yake mazito mazito: akawaomba, kwa jina la uanamichezo wa Kimarekani, waweke kando rangi, asili na dini, na wamtakie ushindi aliye bora zaidi.

Ukisoma maneno hayo leo yanaonekana ya kawaida, karibu ya kuchosha. Mwaka 1935, katika nchi ambayo bondia mweusi hakuwa amepewa nafasi ya kugombea ubingwa wa uzito wa juu tangu Jack Johnson alipoupoteza mwaka 1915, kuyasema mbele ya umati ule halikuwa jambo dogo. Louis alimmaliza Carnera katika raundi ya sita, na ghasia zilizohofiwa hazikutokea uwanjani. Balogh akaendelea kumtakia ushindi aliye bora, pambano baada ya pambano, hata maneno hayo yakageuka kuwa nembo yake.

Baada ya Balogh, Garden ilimpata Johnny Addie, aliyeishika kazi hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 hadi mwaka 1971, mwaka ambao Muhammad Ali na Joe Frazier walipambana mara ya kwanza, wote wawili wakiwa hawajawahi kushindwa.

Upande wa pili wa nchi, Los Angeles, alikuwepo mtu wa aina nyingine kabisa. Jimmy Lennon alikuwa mwimbaji kabla ya kuwa mtangazaji, na mara nyingi katika ukumbi wa Olympic Auditorium yeye huyohuyo aliimba wimbo wa taifa kisha akawatambulisha mabondia. Ukumbi ule ulijaa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, na mabondia wao walipanda kila wiki. Lennon alijifunza kuyatamka majina yao ya Kihispania sawasawa, na watu walimpenda kwa hilo. Jambo dogo? Mswahili aliyewahi kusikia jina lake likitafunwa na kipaza sauti ugenini hataliita dogo. Bondia anafanya mazoezi miezi mitatu, anajinyima chakula ili afikie uzito, na ni mara moja tu usiku ule jina lake na la mji wao vitatamkwa mbele ya watu wote. Septemba 2018 Hassan Mwakinyo wa Tanga alipanda ulingoni Birmingham, Uingereza, akiwa mgeni ambaye wenyeji hawakumtarajia kushinda, akammaliza Sam Eggington katika raundi ya pili. Kwa wengi waliokuwa ukumbini, utambulisho ule ndio ulikuwa habari yote waliyokuwa nayo juu yake.

Lennon alifariki mwaka 1992, na kazi ikabaki kwenye ukoo. Mwanawe, Jimmy Lennon Mdogo, ndiye aliyekuwa na kipaza sauti Tokyo tarehe 11 Februari 1990, siku ambayo Buster Douglas, asiyetazamiwa na yeyote, alimwangusha Mike Tyson.

Mwaka 1982, muuza magari wa zamani ambaye wakati huo alikuwa mwanamitindo alikuwa akitazama masumbwi kwenye televisheni pamoja na mtoto wake. Pambano lilifika mwisho, majaji wakagawanyika, na mtangazaji akazisoma kadi kwa mpangilio ulioua utamu wote. Majaji ni watatu. Wakigawanyika, wawili wamempa huyu na mmoja kampa yule. Ukisoma kwanza kadi mbili za mshindi, kadi ya tatu haina kazi tena. Watu wameshaanza kushangilia au kuondoka. Ukisoma moja ya huyu, kisha moja ya yule, ukumbi mzima unabaki umening'inia kwenye kadi ya tatu. Mtoto akamwambia baba yake kwamba kazi ile angeiweza. Baba huyo, Michael Buffer, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1944 na kupitia jeshini katika miaka ya vita vya Vietnam, akaanza kuandikia hoteli za Atlantic City kuomba nafasi.

Napenda asili hiyo kwa sababu watu wengi wanamkumbuka Buffer kwa jambo jingine. Atlantic City ya wakati ule ilikuwa imejaa kasino zilizotumia masumbwi kuwavuta wacheza kamari, na televisheni ya kebo ilihitaji mapambano ya kurusha kila wiki. Buffer alikuwa na sura ya mwanamitindo na sauti nzito iliyotulia. Haukupita muda akawa anaonekana kwenye mapambano yanayorushwa na ESPN, na Donald Trump, aliyekuwa na kasino mjini humo, akamtaka kwenye mapambano yake. Lakini palikuwa na dosari moja. Utambulisho wa pambano kubwa ulikuwa umeshakuwa mrefu: majina ya maofisa wa tume, majaji, mwamuzi, daktari, wadhamini. Watu walipoa. Buffer akatafuta kauli ya kuwaamsha. Alijaribu za mabaharia na za marubani, za kufunga milango ya meli na kufunga mikanda, na hazikushika.

Iliyoshika aliipata kwa Ali. Katika miaka ya 1960 Ali na mpambe wake Drew Bundini Brown walikuwa na kiitikio chao kilichomalizikia kwa kumhimiza kijana azichape, wakitumia neno la Kiingereza "rumble". Neno hilo lilipata umaarufu wa dunia nzima pale pambano la Ali na George Foreman, lililopigwa Kinshasa tarehe 30 Oktoba 1974 saa kumi alfajiri, lilipoitwa "Rumble in the Jungle". Buffer alilichukua, akaliwekea utangulizi, akalivuta: "Let's get ready to rumble!" Yaani, tujiandae, ngumi zinaanza. Kwenye karatasi haina uzito wowote. Kinywani mwake herufi moja inaweza kuchukua sekunde kadhaa, na umati ulijifunza kuimaliza pamoja naye.

Mwaka 1992 aliisajili kauli hiyo kama alama ya biashara. Kuanzia hapo haikuwa tena salamu ya ulingoni tu, ilikuwa mali. Ilikodishwa kwenye muziki wa viwanja vya michezo, kwenye mieleka ya televisheni, kwenye vitu vya kuchezea watoto, na mwaka 1999 kwenye mchezo wa kompyuta wa masumbwi ambao ulibeba neno hilohilo kwenye jina lake. Sinema zilimwita aigize kuwa yeye mwenyewe. Yapo masimango kwamba mtu amejitajirisha kwa maneno matano, na sioni haja ya kumtetea. Ila mabondia wengi wakubwa wamestaafu bila senti, promota akiwa na kila kitu, na hapa palikuwa na mtu mmoja katika biashara hiyo aliyeelewa mapema ni kipi alicho nacho na kina thamani gani.

Aliyemsaidia kuelewa hivyo alikuwa mdogo wake ambaye hawakulelewa pamoja. Michael alikuwa amekulia kwa wazazi walezi katika mji wa Roslyn, Pennsylvania. Bruce Buffer, aliyezaliwa mwaka 1957, aliiona sura ya mtu huyu kwenye televisheni, akalisoma jina la ukoo wake mwenyewe chini ya sura hiyo, na hatimaye baba yao Joe akakiri kwamba ni mwanawe wa ndoa ya kwanza. Ndugu wakakutana wakiwa watu wazima. Bruce akawa meneja wa kaka yake. Na babu yao, Johnny Buff, alikuwa bondia: alitwaa ubingwa wa dunia wa uzito wa bantam huko New York mwaka 1921, miezi miwili na ushei baada ya pambano la Boyle's Thirty Acres.

Bruce naye alipanda ulingoni, ila wa aina nyingine. UFC, shirika la mapigano mseto, ilikuwa bado changa na ilipigwa vita na wanasiasa waliouita mchezo wake ukatili, na Bruce aliwatangazia mara ya kwanza mwaka 1996. Akaifanya kazi hiyo kwa mwili mzima. Michael husimama kama mlingoti, Bruce huzunguka, huruka, humwelekea mpiganaji mpaka karibu pua zigusane, akipasua sauti kwa "It's time!" ya kwake, yaani wakati umewadia. Mwaka 2011, alipokuwa akiruka katika utambulisho huko Toronto, aliumia goti kiasi cha kuhitaji upasuaji. Sijui kazi nyingine ya kusoma majina ambayo mtu anaweza kuchanika kano za goti. Japani nako, kwenye mashindano ya Pride ya mapigano mseto, Mmarekani Lenne Hardt alikuwa akiyaviringisha majina ya wapiganaji kwa mayowe ambayo hakuna mwanamume aliyeweza kuyaiga, na mashabiki wa wakati ule wakimsikia leo wanamtambua mara moja.

Michael mwenyewe aliugua saratani ya koo mwaka 2008, akafanyiwa upasuaji, akarudi kazini. Mwaka 2012 aliingizwa kwenye Jumba la Kimataifa la Watu Mashuhuri wa Masumbwi, ambamo Joe Humphreys alishatangulia, na Lennon Mdogo akafuata mwaka mmoja baadaye.

Pamoja na mbwembwe zote hizo, kazi yenyewe bado ni ile karatasi. Mei 12, 2024, mjini Perth, Australia, Nina Hughes wa Uingereza alikuwa akitetea mkanda wake wa WBA wa uzito wa bantam dhidi ya Cherneka Johnson. Raundi 10 ziliisha, kadi zikaletwa. Jaji mmoja alitoa sare ya 95 kwa 95; wawili walimpa Johnson, mmoja 96 kwa 94, mwingine 98 kwa 92. Mtangazaji, ambaye jina lake halina haja ya kurudiwa hapa, alisoma akasema bingwa bado ni yuleyule. Hughes akashangilia, wasaidizi wake wakamkumbatia. Kisha maofisa wakamwita mtangazaji pembeni, akaiangalia tena karatasi, akarudi kwenye kipaza sauti kuomba radhi na kusema kwamba bingwa ni mpya. Hughes akavuliwa furaha mbele ya kamera. Majaji hawakuwa wamebadilisha kitu.

Siku sita baadaye, Riyadh, Oleksandr Usyk na Tyson Fury walimaliza raundi 12 za kuamua nani awe bingwa asiyepingika wa uzito wa juu, wa kwanza tangu Lennox Lewis. Majaji waligawanyika: 115 kwa 112 na 114 kwa 113 za Usyk, 114 kwa 113 ya Fury. Ni hesabu ileile iliyomfanya muuza magari wa zamani akasirikie televisheni yake mwaka 1982. Waliporudiana Desemba mwaka huo, majaji wote watatu waliandika 116 kwa 112, na mtangazaji hakuwa na cha kupanga. Kilichobaki mikononi mwake ni kulichelewesha jina.